Sura ya Tatu: Keekee Iliyokataa Kuzunguka

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na Inspekta Mwikali alipofika karakana ya Taib Abdillahi, mtaa wa Shela, alikuta vumbi la mbao limegeuka uji mlangoni. Aliruka pale palipokauka, akaingia. Nyuma yake alifuata Konstebo Jefwa, askari wa miaka mingi aliyeijua Malindi nyumba kwa nyumba, na ambaye kwa maoni yake safari hii haikuwa na haja. Mtuhumiwa alikuwa seli tayari. Kilichobaki ni kumfikisha mahakamani Jumatatu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Alhamisi asubuhi Kaingu, fundi mchongaji wa milango, alishika keekee ya umeme ili atoboe ubao, umeme ukamkamata. Alikuwa amelazwa hospitalini, hai, viganja vyote viwili vimeungua. Mkewe, Kabibi, alikwenda kituoni siku hiyo hiyo akasema kwamba haikuwa ajali. Maina, fundi mwenzake Kaingu, ndiye aliyeichezea mashine ile makusudi. Mkuu wa kituo alimweka Maina seli, na shitaka lililokuwa likiandaliwa ni la kujaribu kuua. Mwikali alikuwa ameomba kitu kimoja tu kabla ya Jumatatu, aione mashine.

Taib alimpokea vizuri. Alikuwa mtu wa makamo, kanzu yake safi licha ya vumbi la mle ndani, na alimwuliza Mwikali habari za kazi, habari za nyumbani na habari za mvua kabla hajakubali kuulizwa lolote. Kisha akaeleza yote bila kuharakishwa. Maina na Kaingu walikuwa marafiki. Ilipokuja kazi ya milango ya hoteli mpya, Taib alimfanya Kaingu msimamizi, na tangu hapo Maina hakusema naye tena. Jumatano jioni watu wawili walimwona Maina ameshika keekee ile mkono mmoja na bisibisi mkono wa pili. Asubuhi yake ndipo Kaingu akaanguka.

"Na kuna jambo jingine, Bi Inspekta," Taib alisema. "Kaingu alipokakamaa, sisi sote tulishangaa. Tulidhani anafanya mzaha. Maina hakushangaa. Alichukua ubao, akaipiga swichi ya ukutani ikazima. Kabla yetu sote. Mtu huyo alijuaje?"

Konstebo Jefwa alimtazama Inspekta wake kwa macho ya mtu ambaye kesi yake imekwisha. Mwikali aliliandika lile swali. Lilikuwa swali zuri.

"Kaingu alipoikamata ile keekee," aliuliza, "ilikuwa inanguruma?"

Taib alifikiri. Aliwaita mafundi wawili waliokuwepo, nao wakafikiri. Hapana, walisema. Haikunguruma. Kaingu alikuwa ameibonyeza, akaibonyeza tena, akashuka nayo kutoka juu ya ubao aitazame kwenye mwanga, ndipo akakakamaa. Walimsikia yeye akikoroma. Mashine haikutoa sauti.

 Kabla ya kuletwa upelelezi Mwikali alikuwa amekaa karakana ya polisi inayotengeneza redio, na alijua kwamba umeme ukiingia kwenye mashine lazima uende mahali. Kama haukwenda kuzungusha mota, ulikwenda kwingine.

Alianza na ukuta. Aliomba randa ya umeme, akaichomeka kwenye soketi ile ile, ikazunguka bila tatizo. Soketi haikuwa na kosa. Kisha akaomba keekee. Ilikuwa mashine kubwa ya zamani, mwili wake wa chuma mtupu, wa kijivu, ya wakati ule ambapo mashine zilikuwa bado hazijavikwa plastiki. Aliupitisha waya wake wote baina ya vidole, kutoka mashine hadi plagi, akitafuta mahali palipokatwa, palipochunwa au palipofungwa utepe. Hapakuwa na kitu. Ilipobaki plagi peke yake, alikwenda nayo mlangoni kwenye mwanga.

Plagi ilikuwa ya meno matatu, kama zote za nchini, na mpya. Mgongoni palikuwa na tone la rangi nyeupe. Tone hilo lilikuwa limetiririka likafunika kichwa cha skrubu pamoja na ule mstari ambapo vipande viwili vya plagi hukutana. Rangi ilikuwa imekauka ngumu, wala haikuwa na ufa.

"Bwana Taib, hapa kwako mnapaka wapi rangi nyeupe?"

Taib alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Milango yake, alisema, haijapata kupakwa rangi tangu enzi ya babu yake. Mafuta ya simsim, au vanishi kwa Wazungu wasiojua. Rangi nyeupe ni ya kuta.

"Na mashine hii umeipata wapi?"

Aliipata wiki ile ile, kwenye nyumba ya Mjerumani mmoja ufukweni, aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Nyumba ilikuwa inapakwa rangi ili nayo iuzwe.

Mwikali alimwonyesha Jefwa lile tone. "Mtu akiifungua plagi hii lazima azungushe skrubu, na akiizungusha, rangi itapasuka. Haijapasuka. Maana yake tangu rangi idondoke, haijafunguliwa. Na rangi haikudondokea hapa."

"Basi Maina aliitia mkono mashine, si plagi," Jefwa alisema.

"Tutaona."

Aliichukua bisibisi, rangi ikapasuka, plagi ikafunguka. Jefwa aliinama akatazama naye. Ndani mlikuwa na nyaya tatu zilizofungwa kwa usafi kabisa, kila moja imebanwa sawasawa, hakuna uzi uliochomoza. Mwekundu ulikuwa upande wenye fyuzi, mweusi upande wa pili, na wa kijivu kwenye jino la juu, lile la waya unaokwenda ardhini.

"Ni sawa," Jefwa alisema. "Mwekundu ndio wa moto."

"Kwetu, ndio."

Mwikali alitoa tochi yake mfukoni, akaibomoa juu ya benchi. Alichukua betri na balbu na vipande viwili vya waya, akaviunganisha ili balbu iwake pale tu ncha mbili zitakapokutana kupitia kitu cha chuma. Ncha moja aliiweka kwenye waya wa kijivu na nyingine kwenye mwili wa keekee. Balbu haikuwaka. Akaweka kwenye mweusi. Haikuwaka. Akaweka kwenye mwekundu, na ile balbu ndogo ikawaka njano mbele ya macho ya wote.

 Mafundi walikuwa wameacha kazi.

"Waya mwekundu umeshikana na chuma anachokishika mtu," Mwikali alisema. "Na waya mwekundu ndio uliotiwa moto. Kwa hiyo mota haikupata kitu, na mikono ya Kaingu ikapata chote."

Jefwa alisema kwamba hapo basi ndipo Maina alipoingia. Aliufungua mwili wa mashine, akauhamisha waya. Mwikali aliona kuwa ni hoja ya haki, akaifungua keekee. Skrubu zake nne zilitoka kwa shida, zimekaza kwa miaka. Ndani waya mweusi ulikwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kubonyeza. Waya mwekundu ulikuwa umebanwa kwenye chuma chenyewe kwa skrubu ndogo, na juu ya skrubu hiyo kulikuwa na lakiri ya kijani ya kiwandani, imezeeka, nzima. Haikuwahi kuguswa tangu mashine izaliwe.

Alikaa juu ya kigoda akaitazama kwa muda. Waliotengeneza mashine hii hawakukosea. Huko kwao, zamani hizo, mwekundu ulikuwa ndio waya wa ardhi, ule wa kumlinda mtu. Hapa Kenya mtu yeyote aliyewahi kufunga plagi angeuona mwekundu na kuutia kwenye moto. Angefanya hivyo kwa moyo safi, na angekuwa ametega mtego.

"Nani mwingine aliishika kabla ya Kaingu?" aliuliza.

Hakuna, isipokuwa Maina, Jumatano jioni.

Walirudi kituoni. Maina aliletwa kutoka seli, mtu mrefu mwenye ndevu chache, na alipoketi aliuliza kwanza hali ya Kaingu. Mwikali alimwambia anaendelea vizuri, kisha akamtaka aeleze Jumatano alifanya nini, tangu alipoishika mashine.

Maina alieleza kwa sauti ya chini. Alitaka kuijaribu. Alikuwa amesimama juu ya rundo la mbao kavu, miguuni amevaa akala za mpira wa gari. Aliibonyeza ikakaa kimya. Alichukua bisibisi aifungue, lakini Taib akamwita nje kupakia milango kwenye lori. Aliiacha benchini akaenda.

"Hukumwambia mtu kwamba ina kasoro?"

"Aliyefaa kuambiwa ni msimamizi."

"Na msimamizi ni Kaingu."

Maina aliitazama mikono yake. "Hatukuwa tukisemezana, Inspekta. Nilijiambia ataiona mwenyewe. Nilidhani ataikuta kimya aiweke kando, kama nilivyofanya mimi."

"Na asubuhi yake, uliwezaje kuiwahi swichi kabla ya wengine?"

"Nilimwona amekakamaa, na mashine kimya. Mimi nilikuwa najua kwamba haizunguki. Nikajua umeme umeingia kwake. Alikuwa pekupeku, na sakafu ilikuwa mbichi." Akaongeza: "Kama ningesema neno moja Jumatano, asingelala pale."

Mwikali aliandika. Jefwa, aliyesimama mlangoni, alikwenda akaleta kikombe cha chai akakiweka mbele ya Maina bila kuambiwa.

Nyumba ya Mjerumani ilikuwa karibu na bahari, nyuma ya uzio wa mivinje, na mvua ilikuwa imeanza kuanuka walipofika. Mlinzi wa nyumba aliitwa Musyoka, mzee mnyoofu aliyeshika brashi ya rangi, na suruali yake ilikuwa na madoa meupe hadi magotini. Mwikali alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akawakaribisha barazani. Mwenye nyumba alikuwa ameshaondoka. Ndiyo, plagi alizifunga yeye. Mashine zilikuwa na plagi za meno mawili za Ulaya, ambazo haziingii kwenye soketi za hapa bila kifaa cha kuunganishia, na kifaa chenyewe kilikuwa kimevunjika. Wanunuzi walikuwa wakilalamika. Kwa hiyo alinunua plagi mpya, akakata zile za zamani, akafunga hizi.

"Nilifunga vizuri," alisema. "Nilifundishwa kazi hiyo na Wahindi, Mombasa. Mwekundu wa moto, mweusi wa kurudisha, unaobaki ni wa ardhi."

Mwikali alimweleza polepole. Hakumficha habari za Kaingu, wala hakumwongezea. Musyoka aliiweka brashi juu ya kopo. Alionekana kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa ilhali viti vipo.

Jefwa ndiye aliyelikamata neno. "Mzee, umesema mashine. Zilikuwa ngapi?"

Zilikuwa mbili. Keekee, na mashine ya kupiga msasa, kama ndugu, za kiwanda kimoja, za chuma zote mbili. Plagi zake zilifungwa siku moja. Ile ya msasa ilikuwa imenunuliwa jana na mwanamke mmoja aitwaye Idah, wa mtaa wa Kisumu Ndogo, kwa ajili ya kanisa. Walikuwa wanatengeneza mabenchi, na alisema kazi itafanywa leo Jumamosi, kwa kuwa watu hawako kazini.

Mwikali alikuwa ameshasimama. Musyoka aliingia nao kwenye Landrova vile vile na madoa yake, akiwaelekeza. Huko kanisani hakuna umeme, alisema. Wanaazima kwa jirani mwenye mashine ya kusaga unga. Jirani huyo huwaruhusu anapomaliza kusaga, kwani nguvu ya waya haitoshi mashine mbili kwa pamoja.

"Anamaliza lini?"

"Wateja wakiisha."

Barabara ya Kisumu Ndogo ilikuwa madimbwi matupu. Jefwa aliendesha huku amefungua dirisha, na walipokaribia waliisikia mashine ya unga ikivuma kwa mbali, juu ya sauti za watoto na kuku.  Mvumo ule ulikuwa habari njema. Walipinda kwenye kibanda cha mkaa, wakapita nyumba za udongo zilizobanana, na ndipo mvumo ukashuka, ukashuka tena, ukakatika.

Jefwa alisimamisha gari pale pale. Wote watatu walishuka, na mzee Musyoka akawa wa mbele.

Kanisa lilikuwa la mabati, pande mbili zimejengwa na mbili bado. Mvua ilikuwa imeingia ndani, sakafu ya udongo inang'aa. Mtu mmoja amesimama katikati, pekupeku, suruali ameikunja, ameishika mashine ya msasa kwa mikono miwili juu ya ubao mrefu. Waya mweusi ulitoka kwake ukavuka uchochoro hadi kwa msagaji unga, na pale kwenye soketi, chini ya dirisha, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kanisa kichwani alikuwa ameinama na plagi mkononi.

"Idah," Musyoka alisema, akihema. "Iache hiyo. Usichomeke. Nimeifunga vibaya mimi."

Idah aliinuka. Alimtazama mzee, akamtazama Inspekta, akamtazama Konstebo na gari. Kisha akaizungushia plagi ncha ya leso yake kana kwamba ni mtoto, akawangoja wafike.

Mwikali aliomba mwanamume yule aiweke mashine chini, atoke kwenye maji. Alipoitoa tena ile betri na balbu yake, watu walikuwa wameshajaa, akina mama wa kanisa na msagaji mwenyewe akiwa mweupe kwa unga. Akagusa jino la fyuzi kwa ncha moja na chuma kwa nyingine. Balbu ikawaka.

Yule mtu aliyekuwa pekupeku aliuliza maana yake. Mwikali akamwambia. Akaketi kwenye benchi ambalo halijapigwa msasa.

Musyoka aliomba aifunge upya yeye mwenyewe. Bisibisi ilimteleza mara mbili, na Jefwa alionekana kutaka kumnyang'anya bisibisi, lakini Mwikali alimzuia kwa jicho. Aliketi karibu na mzee akamtajia kila waya. Mwekundu kwenye jino la juu, la ardhi. Mweusi kwenye fyuzi. Wa kijivu upande uliobaki. Musyoka alizirudia rangi zile kwa sauti kila alipokaza skrubu, kama mtu anayejifunza majina ya watoto wa ndugu yake. Walipomaliza waliweka balbu tena, na safari hii chuma kilijibu kwa jino la ardhi peke yake.

Hata hivyo Mwikali hakuwaruhusu kuendelea. Aliipima soketi ya msagaji kwanza, akaona kwamba waya wa ardhi ulikuwa umefungwa kweli, si pambo. Aliuinua waya mrefu kutoka kwenye dimbwi, akauning'iniza juu ya misumari ukutani. Akataka zitandazwe mbao kavu chini ya miguu, na fundi avae viatu. Fundi hakuwa na viatu. Msagaji alimpa vyake, vya mpira, vikubwa kuliko miguu yake.

Na wa kwanza kuibonyeza alikuwa Mwikali. Ikavuma. Aliisikiliza kidogo, akashika mwili wake kwa mgongo wa kiganja, akaona ni baridi na salama, akampa mwenyewe. Ubao ulianza kutoa unga wa kahawia na harufu tamu ya mvule, na akina mama wakasogea waguse mahali palipolainika. Idah alisema kwamba Jumapili ijayo wote waliokuja na gari lile wana benchi lao pale kanisani. Akamwambia Musyoka alale bila wasiwasi, maana aliyekuja mbio kwenye matope kusema nimekosea hana deni kwa mtu.

Maina alitoka seli alasiri hiyo. Mkuu wa kituo aliisoma taarifa ya Mwikali, akauliza mara mbili kuhusu lakiri ya kijani, akaitia sahihi. Taib alikuwa anangoja nje. Alimpa Maina mkono, akamtaka radhi kwa maneno kamili, bila kuzunguka, na akamwomba Jumatatu arudi kazini.  Maina alisema atarudi, ila kabla ya kuguswa ubao wowote mashine zote za karakana zifunguliwe moja moja, yeye na Inspekta akipenda, na kuanzia hapo mashine yenye kasoro ifungwe kitambaa chekundu na isemwe kwa kila mtu, awe rafiki au asiwe. Taib alikubali kabla hajamaliza.

Hospitalini ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa. Mwikali hakutaka kuingia. Alisimama kwenye ubaraza pamoja na Jefwa, na kupitia dirishani waliwaona. Kaingu alikuwa amekaa kitandani, mikono yake imefungwa bandeji kama ya bondia, na Kabibi alikuwa akimlisha wali kwa kijiko. Maina alifika hadi miguuni mwa kitanda akasimama.  Kisha Kaingu akasema kitu, na wale waliokuwa nje hawakukisikia, ila walimwona Maina akiinamisha kichwa na kujibu maneno mengi.

Kabibi alisikiliza yote, kijiko mkononi. Maneno yalipokwisha alisogea kwenye benchi akabakisha nafasi, na Maina alipoketi alimkabidhi sahani na kijiko, akamwambia amlishe mwenzake, yeye aende akachote maji.